Dawa za sonona kwa mtu mwenye wasiwasi: namna ya kuzianza, kuzizoea na kuziacha

Mtu anatoka kliniki na cheti kilichoandikwa sertralini. Anachukua dawa dirishani, anafika nyumbani, anafungua karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi na kukuta imeandikwa kwamba dawa hiyo inatibu sonona. Anashangaa, maana hakwenda kulalamikia huzuni. Alikwenda kwa sababu usiku moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, mikono inatetemeka akiitwa na mkubwa wake wa kazi, na kila akipimwa moyo majibu yanarudi safi. Basi anaamua kwamba daktari amekosea, vidonge vinaingia kabatini, na wasiwasi unaendelea kumtafuna.

Daktari hakukosea. Dawa hizi zilipewa jina kutokana na ugonjwa wa kwanza zilioutibu. Fluoksetini, mojawapo ya zile za mwanzo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa ajili ya sonona. Baadaye ikathibitika kwamba kundi lake linatuliza pia wasiwasi wa kila siku usioisha, mishtuko ya hofu inayovamia ghafla, na ile hofu ya kukaa au kuzungumza mbele za watu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2023 unalitaja kundi hilo kuwa dawa za kufikiriwa kwa watu wazima wenye wasiwasi wa kudumu au mishtuko ya hofu.

Mimi ni mfamasia. Nimeona dawa hizi zikiwarudisha watu kazini, kwenye ibada, na kwenye daladala walizokuwa wanaziogopa. Nimeona pia wengi wakiziacha kabla hazijafanya lolote, na mara nyingi wanakwamia sehemu mbili: wiki mbili za mwanzo, pale dawa inapoanza kusumbua kabla ya kusaidia, na siku wanapojisikia wamepona. Nitazipitia hatua zote, lakini kwenye sehemu hizo mbili nitakaa zaidi.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni wasiwasi kweli

Yapo magonjwa yanayoiga wasiwasi vizuri sana. Tezi ya shingo ikitoa homoni kupita kiasi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unatoka jasho na unakonda huku unakula. Upungufu wa damu, sukari kushuka, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio navyo huleta hali kama hiyo. Kwa hiyo kabla ya dawa, omba upimwe presha, wingi wa damu, sukari, homoni za tezi kama kipimo kinapatikana, na umeme wa moyo ikiwa kifua ndicho kinachokusumbua. Ukishapimwa vizuri na majibu yakawa mazuri, yaamini. Kuzunguka hospitali ukirudia kipimo kilekile kila mwezi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na inamaliza pesa ambazo zingenunua dawa.

Kisha jichunguze unachotumia. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa na bangi vinaweza kuamsha mapigo ya moyo na hofu. Pombe hutuliza jioni, halafu asubuhi inarudisha wasiwasi maradufu. Dawa ya pumu ya kuvuta, kama salbutamo, nayo inaweza kukutetemesha. Mwenye pumu asiiache, lakini daktari ajue anaivuta mara ngapi kwa siku.

Lipo swali moja ambalo daktari asipokuuliza, mwambie mwenyewe. Je, umewahi kupita kipindi cha siku kadhaa ambapo hulali na wala huchoki, mawazo yanakimbia, unazungumza bila kituo, unatumia pesa ovyo, mpaka watu wa nyumbani wakasema huyu si yeye? Au yupo ndugu wa damu mwenye hali hiyo? Kwa mtu wa namna hiyo, dawa ya sonona ikipewa peke yake inaweza kuiamsha hali hiyo, na matibabu yake yana njia nyingine.

Si lazima uanzie hospitali kubwa. Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania Bara, Kidongo Chekundu kwa Unguja na Mathari kwa Nairobi ni majina yanayojulikana, lakini hospitali nyingi za mikoa na za wilaya zina kliniki ya afya ya akili, na daktari wa kawaida aliyefunzwa anaweza kukuanzishia dawa hizi. Usichofanya ni kwenda duka la dawa la mtaani na kutaja jina ulilolisikia kwa rafiki. Hizi ni dawa za cheti.

Wengi wanaokuja kwangu wameshapita kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga. Sina neno na dua wala maombi, kwani mtu anayeombewa huku anameza dawa yake hapungukiwi kitu. Ninachopinga kwa nguvu zangu zote ni yeyote anayekuambia utupe vidonge ili uonyeshe imani.

Hatua ya pili: ijue dawa uliyopewa

Kundi linaloanzwa nalo mara nyingi lina sertralini, esitalopramu, sitalopramu, fluoksetini na paroksetini. Kwenye boksi utakuta tahajia ya Kiingereza, ila sauti ni hizohizo. Dawa hizi huongeza kiasi cha serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana taarifa. Kiasi hicho hupanda ndani ya saa chache tu, lakini utulivu huja baada ya wiki kadhaa, kwa sababu ubongo wenyewe unahitaji muda wa kujipanga upya. Ndugu zao wa karibu ni venlafaksini na dulosetini, ambazo hugusa kemikali mbili.

Amitriptilini ni ya kizazi cha zamani. Ni rahisi kuipata na bei yake ni nafuu, ndiyo maana imejaa kwenye vyeti vyetu. Inasaidia, na kwa mtu asiyelala usiku inaweza kuwa faraja, lakini hukausha kinywa, huleta choo kigumu na macho kuona ukungu, na ukiinuka ghafla kizunguzungu kinakukamata. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume iliyokua aseme kabla ya kupewa. Tena ukimeza nyingi kwa mara moja inaweza kuusimamisha moyo. Nyumba yenye watoto, au yenye mtu aliyewahi kufikiria kujiua, dawa hii ikae kwenye kabati lenye kufuli na ufunguo ashike mtu mwingine.

Diazepamu, ile ambayo wengi huiita Valium, haimo katika kundi hili kabisa. Inatuliza ndani ya saa moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwili huizoea, unadai zaidi, na ukiikosa wasiwasi unarudi na nguvu mpya. Mwongozo ule wa WHO haushauri dawa za jamii ya diazepamu kuwa tiba ya wasiwasi wa kudumu. Daktari anaweza kukupa kwa siku chache wasiwasi ukiwa mkali mno, na hilo si kosa. Kosa ni siku chache zikigeuka miaka. Ukiwa tayari umeimeza kwa miezi mingi, usiikate kwa siku moja, kwa kuwa inaweza kukuletea degedege. Ipunguzwe kidogo kidogo chini ya daktari.

Sasa orodhesha kila unachomeza, pamoja na dawa za kienyeji, na uipeleke hiyo karatasi kliniki. Wa kwanza kutajwa awe tramado, dawa ya maumivu ambayo watu hununua kama peremende. Ikikutana na dawa za sonona inaweza kusababisha degedege au kuzidisha serotonini mwilini kwa kiasi cha hatari. Taja dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na dawa za maumivu kama diklofenaki, aibuprofeni na aspirini, kwani zikichanganywa na kundi la sertralini uwezekano wa kuvuja damu tumboni unaongezeka. Anayetibiwa kifua kikuu sugu aseme kama yuko kwenye linezolidi. Anayetumia ARV ataje majina yake: efavirenzi hupunguza nguvu ya sertralini na yenyewe inaweza kuleta ndoto mbaya na wasiwasi, wakati dolutegraviri kwa kawaida haigombani sana na kundi hili.

Na kabla hujatoka kwenye kiti, uliza bei na upatikanaji. Utaimeza dawa hii kwa karibu mwaka mzima au zaidi. Kwa maoni yangu, dawa ya bei nafuu isiyokosekana mjini kwako ni bora kuliko ya gharama itakayokatika mwezi wa tatu, maana kukatika ghafla kuna mateso yake kama nitakavyoeleza.

Hatua ya tatu: anza chini, meza kila siku

Mwenye wasiwasi huanzishwa dozi ndogo kuliko mwenye sonona, kwa kuwa mwili wake unashtukia kila badiliko. Sertralini mara nyingi huanza na miligramu 25 kwa wiki moja, kisha 50. Esitalopramu huanza na 5, kisha 10. Fluoksetini hutoka zaidi kama kapsuli ya miligramu 20 isiyokatika, kwa hiyo wengine huelekezwa kumeza siku moja na kuruka siku moja kwa wiki ya kwanza. Amitriptilini huanza na 10 au 25 usiku, ikipandishwa taratibu. Namba hizi nimeziweka ili uelewe ngazi zenyewe. Yako ni ile iliyoandikwa kwenye cheti chako. Ikiwa umeandikiwa dozi kubwa tangu siku ya kwanza na wewe ni mtu wa kushtuka, ni halali kabisa kusema, "Daktari, naweza kuanza na nusu?"

Chagua saa moja na uishike. Sertralini, esitalopramu na fluoksetini huwafaa wengi asubuhi baada ya kula. Zikikuletea usingizi, hamia usiku. Amitriptilini ni ya usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala.

Zinamezwa mara moja kwa siku, hivyo anayefunga Ramadhani hana haja ya kuacha dawa wala kuacha funga kwa ajili ya kidonge. Anaweza kuhamishia kidonge baada ya futari au wakati wa daku, na amitriptilini baada ya tarawehe. Ninachoshauri ni kutoanza dawa wala kupandisha dozi ndani ya mwezi wenyewe ikiwa inawezekana kusubiri, kwa sababu kichefuchefu na maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo yatachanganyika na njaa na kiu, na hutajua kipi kinakuumiza.

Kila siku maana yake kila siku. Mama mmoja muuza vitenge alirudi kwangu akisema dawa haifanyi kazi. Nikamwomba anionyeshe pakiti. Vidonge vilitoka hapa kimoja, pale viwili, kila mahali. "Nameza siku mzigo ukichelewa bandarini," akaniambia, "siku nyingine niko sawa, mdogo wangu, ya nini kujijaza madawa?" Alikuwa anaitumia kama panado. Dawa ya aina hii ukiimeza siku uliyozidiwa tu haikutulizi siku hiyo wala hailindi kesho yake. Unaimeza siku nzuri ili siku mbaya ikukute umesimama imara.

Hatua ya nne: wiki mbili za mwanzo

Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo wagonjwa wetu wanapoachwa peke yao. Anayekuandikia dawa ana foleni nje, anakuambia rudi baada ya mwezi, na wewe siku ya tatu unajiona unakufa.

Yatakayotokea, ukiyajua mapema, yanapungua nguvu. Kichefuchefu ndicho cha kwanza. Tumbo linaweza kulegea, kichwa kikauma, kinywa kikakauka, usingizi ukakimbia au ukazidi. Ndoto zinakuwa kali na zenye rangi. Unaweza kutoka jasho usiku, kupiga miayo bila uchovu, kukosa hamu ya chakula. Na kubwa kuliko yote kwa watu wetu: wasiwasi wenyewe unaweza kupanda kwanza. Unahisi msisimko mwilini, miguu haitulii, moyo unadunda kuliko jana. Hiyo haimaanishi dawa ni mbaya wala kwamba umerogwa tena. Ni dalili inayojulikana, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja hadi mbili.

Kijana mmoja dereva alirudi dirishani na boksi lake mkononi.

"Dada, hii dawa imenizidishia."

"Pole, kaka. Unaimeza saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri kabla sijatoka na gari."

"Umekula nini hapo?"

"Chai ya rangi tu. Nikifika kituoni naongeza kahawa."

Tukampigia simu daktari wake. Akashusha dozi kuwa nusu kwa siku kadhaa, kidonge kikahamia baada ya chakula cha mchana, kahawa ikaondoka. Mara nyingi tatizo la mwanzo linatatulika kwa mambo madogo ya namna hiyo: kumeza na chakula, kula kidogo kidogo mara nyingi, maji ya kutosha, tangawizi kwa kichefuchefu, kupunguza dozi kisha kupanda polepole zaidi. Asiyerudi kuuliza ndiye anayekosa yote hayo.

Panga wiki hizo mbili kabla hujaanza. Usianze siku moja kabla ya harusi ya ndugu, mtihani au safari ndefu ya basi. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, umweleze waziwazi: "Naanza dawa, huenda siku kumi hizi nikawa na hali mbaya kidogo, ukiniona nimebadilika sana nipeleke hospitali." Usiendeshe gari wala bodaboda mpaka ujue dawa inakufanyaje, hasa ikiwa ni amitriptilini. Na andika namba ya simu ya kliniki ukutani au kwenye daftari. Simu inaweza kuzima chaji.

Jambo la uzito wa pekee ni hili. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwamba watoto na vijana wanaoanza dawa hizi wanaweza kupata mawazo ya kujiua zaidi katika kipindi cha mwanzo, na mwaka 2007 onyo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Mawazo hayo hayampati kila mtu, na onyo halikuzifuta dawa kwa vijana. Linataka kijana asiachwe peke yake. Mzazi, mwenye mtoto aliyeanza dawa hizi, muulize moja kwa moja: "Mwanangu, yanakujia mawazo ya kujidhuru?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Vidonge vishike wewe.

Hospitali uende mara moja, bila kusubiri tarehe ya kliniki, ukiona mojawapo ya haya: mawazo ya kujiua, au kutotulia kupita kiasi mpaka huwezi kukaa, homa pamoja na jasho jingi, kutetemeka, misuli kukakamaa, kuharisha na kuchanganyikiwa (dalili zinazoashiria serotonini imezidi), upele unaosambaa, uso au ulimi kuvimba, degedege, choo cheusi kama lami au kutapika damu, kuzimia au mapigo ya moyo kuruka, kutolala kabisa huku una nguvu nyingi na furaha isiyo na sababu. Kwa mzee, kuchanganyikiwa na udhaifu kunaweza kutokana na chumvi ya damu kushuka, jambo ambalo dawa hizi husababisha mara mojamoja. Nenda na boksi la dawa.

Hatua ya tano: wiki ya nne na kuendelea, pima badala ya kukisia

Mabadiliko huja kimyakimya. Mara nyingi mke au mwenzako wa kazi huyaona kabla yako: umeacha kukagua mlango mara tatu, umecheka, umelala bila kuamka saa tisa. Wengi huanza kuona nafuu kati ya wiki ya pili na ya sita, na faida kamili inaweza kuchukua wiki kumi na mbili.

Kwa kuwa mtu mwenye wasiwasi ni shahidi mbaya wa maendeleo yake mwenyewe, tumia kipimo. Kliniki nyingi zina dodoso la maswali saba liitwalo GAD-7, linalokuuliza ndani ya wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na hofu, kushindwa kuzuia wasiwasi, kushindwa kutulia, kukasirika upesi na kadhalika. Alama ni kuanzia 0 hadi 21. Jaza kabla ya kuanza dawa, kisha kila unaporudi kliniki. Kama halipatikani, daftari linatosha: jioni andika namba kutoka 0 hadi 10, na jambo moja uliloweza kufanya au ulilolikwepa.

Zikipita wiki nne hadi sita kwenye dozi ya kawaida bila badiliko lolote, zungumza na daktari kuhusu kupandisha. Sertralini inaweza kufika hadi miligramu 200 kwa siku na esitalopramu hadi 20. Dozi ya juu ikishindwa, zipo nyingine. Kushindwa kwa dawa ya kwanza hakumaanishi utashindwa na ya pili, na wala hakuhusiani na ushupavu wako.

Nafuu ikianza, itumie. Hofu uliyoikwepa kwa miaka haiondoki yenyewe kwa kidonge. Aliyeacha kupanda matatu apande kituo kimoja, akiwa na mtu, kesho yake peke yake, wiki ijayo vituo vitatu, na akae ndani ya hofu mpaka ishuke yenyewe badala ya kushuka yeye. Mshauri nasaha au mwanasaikolojia akipatikana, tiba ya mazungumzo pamoja na dawa huwafaa wengi kuliko dawa peke yake.

Hatua ya sita: kuishi nayo

Ukisahau kidonge, kimeze ukikumbuka siku hiyohiyo. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho. Usimeze viwili kufidia.

Malaria itakuja, hasa kwa sisi wa pwani na wa ziwa. Dawa ya mseto inaweza kugusa umeme wa moyo, na vivyo hivyo sitalopramu, esitalopramu na amitriptilini. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Mwambie anayekutibu malaria unachomeza ili aamue, hasa kama una historia ya moyo. Ndugu zetu wa Ulaya na Marekani wanaorudi kusalimia nyumbani, mkiandikiwa meflokwini ya kuzuia malaria, kataeni na muombe nyingine, kwani haifai kwa mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi. Anayesafiri kwenda nchi za Ghuba abebe dawa kwenye boksi lake, pamoja na cheti na barua ya daktari, na aulize kanuni za nchi anayokwenda kabla ya kupanda ndege. Diazepamu na tramado zimewaingiza watu matatani kwenye viwanja vya ndege.

Kuhusu tendo la ndoa, watu huniuliza kwa kunong'ona, basi nitasema kwa sauti. Kundi la sertralini linaweza kupunguza hamu na kuchelewesha kilele, kwa wanaume na kwa wanawake. Ni la kawaida, na wengi huacha dawa kwa ajili yake bila kumwambia yeyote, huku mwenza akidhani amechokwa. Mweleze mwenza wako, na mweleze daktari: dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa.

Ukigundua una ujauzito, usikatishe ghafla kwa hofu. Nenda kliniki wiki hiyohiyo. Paroksetini huepukwa mwanzoni mwa mimba, na kwa anayenyonyesha sertralini ni chaguo la kwanza mara nyingi. Wasiwasi mkali usiotibiwa nao una madhara kwa mama na mtoto, kwa hiyo uamuzi unapimwa pande zote mbili.

Pombe, iache kwanza. Na dawa yako usimgawie mtu, hata kama dalili zake zinafanana na zako.

Hatua ya saba: siku unapojisikia umepona

Unalala. Unakula. Umesimama mbele ya kikao na sauti haikutetemeka. Unajiuliza, ya nini tena kumeza dawa nami ni mzima? Halafu mwezi huo fedha ni ngumu, ada za watoto zimekuja pamoja, na boksi likiisha hununui lingine.

Yanayofuata kwa wengi ni haya: ndani ya siku chache kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za bure, machozi ya karibu, ndoto kali, na mshtuko mfupi kichwani kama wa umeme, hasa unapogeuza macho. Mtu anadhani ni ugonjwa umerudi au amekuwa mtumwa wa dawa. Hizi ni dalili za kukatisha ghafla. Paroksetini na venlafaksini husumbua zaidi kwa hili, fluoksetini husumbua kidogo tu kwa sababu hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Dalili za kukatisha huanza upesi na hupungua dawa ikirudishwa. Wasiwasi wenyewe ukirudi huja taratibu, baada ya wiki au miezi, na sura yake unaijua.

Kwa hiyo ukishajisikia mzima, endelea na dozi ileile iliyokuponya kwa miezi 6 hadi 12 zaidi. Huo ndio muda unaopunguza uwezekano wa kurudi nyuma. Aliyewahi kurudiwa mara kadhaa anaweza kushauriwa kukaa nayo miaka. Muda ukifika, chagua na daktari kipindi chenye utulivu, mbali na msiba, mtihani au kuhama. Dozi ipungue kwa hatua, ukikaa wiki mbili hadi nne kwenye kila hatua, na hatua za mwisho ziwe ndogo kuliko za mwanzo, kwa sababu kushuka kutoka 25 kwenda sufuri huweza kuuma kuliko kushuka kutoka 100 kwenda 75. Ukiona dalili zimekuwa nzito, rudi dozi ya nyuma, subiri, kisha shuka tena polepole zaidi. Kapsuli usiifungue wala kidonge cha kuachia dawa taratibu usikikate bila kumuuliza mfamasia. Si vyote vinavyokubali kugawanywa.

Kama ni fedha inayokulazimisha kuacha, sema hivyo kabla boksi halijaisha. Tunaweza kukutafutia ya kiwanda kingine yenye bei ya chini, kukuuzia ya wiki mbili badala ya mwezi, au kumwomba daktari akuhamishie kwenye ile inayopatikana hospitali ya serikali. Endelea na daftari lako kwa miezi sita baada ya kidonge cha mwisho, na mtu wako wa nyumbani ajue dalili tatu za kwanza zilizokuja safari iliyopita, maana yeye ataziona mapema. Vidonge vilivyobaki vilete famasi tuviteketeze.